Barua kwa mwanangu: Jalada lisilo na mshtakiwa

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unasema mlibishana kazini kuhusu kampuni binafsi za kijeshi mpaka mkaachana mmenuniana, na swali lililokubaki ni hili: "Mama, wanajeshi wa serikali nao huua raia, tena wengi zaidi. Mbona hawa wa kampuni ndio wanaochukiwa? Kosa lao ni kulipwa vizuri?" Halafu mwisho kabisa, kama vile hukutaka nione, ukagusia rafiki yako aliyepata kazi ya kulinda kambi ng'ambo. Huyo nitamfikia.

Nakujibu kama mtu aliyesajili kesi mahakamani mpaka akastaafu. Jalada la jinai halifunguliwi kwa uchungu. Linataka jina la mshtakiwa, mahali kosa lilipotendeka na kifungu cha sheria kilichovunjwa. Kikikosekana kimoja, mlalamikaji atarudi nyumbani na machozi yake. Mshahara wa mshtakiwa hauna hata mstari kwenye ile karatasi. Kwa hiyo hasira unayoiona, baba, haihusu mshahara. Watu wamekasirika kwa sababu hawa wakiua, karatasi ile haijaziki.

Tuanze na Baghdad, mji mkuu wa Iraq, tarehe 16 Septemba 2007, mchana. Magari manne ya deraya yenye walinzi 19 wa kampuni ya Blackwater, waliokuwa na mkataba na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wa kulinda wanadiplomasia, yaliingia kwenye kipilefti cha Nisour na kusimamisha magari mengine. Katika foleni palikuwa na Kia nyeupe. Aliyeiendesha alikuwa kijana anayesomea udaktari, na kando yake alikaa mama yake. Kijana akapigwa risasi, gari likawa linajisogeza lenyewe, na walinzi wakazidi kufyatua. Mama na mwana wakateketea humo humo. Risasi zikaenda kwa watu waliokuwa wakigeuza magari, kwa waliokimbia, kwa waliojilaza sakafuni ndani ya basi. Mtoto wa miaka 9 alipigwa akiwa kiti cha nyuma cha gari la baba yake. Walikufa watu 17. Kampuni ilisema walinzi wake walishambuliwa kwanza. Wapelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipochunguza walihitimisha kwamba angalau 14 kati ya vifo hivyo havikuwa na uhalali wowote.

Sasa jaza hati ya mashtaka. Mahali: Baghdad. Polisi wapo, mahakama zipo, mashahidi ni mtaa mzima. Lakini Juni 2004, siku moja kabla ya kuwakabidhi Wairaki madaraka, Paul Bremer, Mmarekani aliyekuwa akiitawala Iraq baada ya uvamizi, alitia sahihi Amri Namba 17 iliyowapa wakandarasi wa kigeni kinga dhidi ya sheria za Iraq kwa mambo wanayoyatenda katika kutekeleza mikataba yao. Soma tena tarehe hiyo. Mwenye nyumba anakabidhiwa funguo, huku vyumba fulani vimeshatiwa kufuli nyingine. Serikali ya Iraq ilipotangaza kuifukuza Blackwater baada ya mauaji, hazikupita siku tano kabla misafara ya kampuni hiyo haijarudi barabarani. Mkataba wake ukaongezwa mwaka uliofuata.

Basi twende kwenye sheria ya Marekani. Ipo sheria ya mwaka 2000 inayoruhusu kuwashtaki raia wanaoandamana na majeshi yake nje ya nchi, lakini ilitungwa kwa kuwafikiria wakandarasi wa Wizara ya Ulinzi. Hawa walikuwa wa Mambo ya Nje. Mawakili wao wakaikamatia hapo hapo. Kabla ya yote, maofisa wa wizara hiyo hiyo walikuwa wameshachukua maelezo ya walinzi kwa kuwaahidi kwamba hayatatumika kuwashtaki. Mimi nimeona kesi nyingi zikifa kwa maelezo yaliyochukuliwa vibaya, na mara nyingi ni uzembe wa askari mchovu usiku wa manane. Hii ya kumwahidi mtuhumiwa wa mauaji ya watu 17 kabla hajafungua mdomo, sijawahi kuiona. Tarehe 31 Desemba 2009 Jaji Ricardo Urbina aliifuta kesi kwa sababu waendesha mashtaka walikuwa wameyatumia maelezo yale yale. Kisheria sina ugomvi na jaji. Alifanya kilichompasa.

Mahakama ya rufaa iliifufua mwaka 2011. Mwaka 2014 mashahidi wa Kiiraki walisafirishwa mpaka Washington, wakasimama kizimbani kuwaeleza wageni jinsi watoto wao walivyokufa, na walinzi wanne wakatiwa hatiani, mmoja wao kwa mauaji ya kukusudia. Ikaja rufaa, hukumu zikapunguzwa, mmoja akasikilizwa upya na kutiwa hatiani upya. Miaka ikapita. Tarehe 22 Desemba 2020 Rais Donald Trump akawasamehe wote wanne, wakatoka.

Nimeirefusha kesi hiyo makusudi, kwa sababu ndiyo iliyofika mbali kuliko zote. Hiyo ndiyo iliyofanikiwa.

Sasa nirudi kwenye hoja yako, kwamba hata wanajeshi huua. Ni kweli, na wengi wao hulindwa na wakubwa wao. Sitakudanganya kwamba mahakama za kijeshi ni za malaika. Lakini angalia gereza la Abu Ghraib, huko huko Iraq, maana pale wanajeshi na watu wa kampuni walikuwa chini ya paa moja, katika uchafu ule ule. Picha za wafungwa waliovuliwa nguo na kudhalilishwa zilipotoka mwaka 2004, wanajeshi kadhaa walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na baadhi wakafungwa. Wahojaji na wakalimani wa kampuni waliotajwa katika uchunguzi wa jeshi lenyewe? Hakuna hata mmoja aliyeshtakiwa kwa jinai. Wairaki kadhaa walifungua kesi ya madai dhidi ya CACI, kampuni iliyotoa wahojaji, mwaka 2008, na ni Novemba 2024 ndipo baraza la raia wanaoamua kesi huko Virginia, Marekani, lilipoamua watatu kati yao walipwe jumla ya dola milioni 42. Miaka 16! Mtoto aliyezaliwa siku ile kesi ilipofunguliwa alikuwa sekondari. Hebu waulize wenzako kama bado wanaona tofauti ni mshahara.

Mwanajeshi ana namba, ana kikosi, ana kamanda ambaye jina lake linajulikana, na nyuma yao wote kuna serikali ambayo hata ikikanusha, bendera yake ilikuwa begani. Mtu wa kampuni ana mkataba. Ukienda kwa kampuni unaambiwa ilifuata maagizo ya mteja. Ukienda kwa mteja, ambaye ni serikali, unaambiwa yule si mtumishi wetu. Ukiuliza serikali ya nchi palipomwagika damu, inakwambia mikono yake imefungwa. Wote wanakujibu kwa adabu.

Na kuna kisa kimoja kidogo kinachonikera kuliko hata kile cha Nisour. Mkesha wa Krismasi mwaka 2006, mlinzi wa Blackwater aliyekuwa amelewa alimpiga risasi na kumuua mlinzi wa makamu wa rais wa Iraq, ndani ya eneo lenye ulinzi mkali kuliko yote Baghdad. Muuaji alijulikana, silaha ilijulikana. Ndani ya saa 36 alikuwa ameshapandishwa ndege kwenda kwao. Baadaye kamati ya bunge la Marekani iliyoongozwa na Henry Waxman ilianika barua pepe za maofisa wa Kimarekani wakijadiliana familia ya marehemu ilipwe kiasi gani. Ilitajwa dola 250,000, ikashuka hadi 100,000, ikaishia 15,000, na ofisa mmoja alihofia kwamba dau likiwa kubwa Wairaki wataanza kujitafutia kifo ili familia zao zipate pesa. Kampuni ilimfukuza kazi yule mlinzi. Miezi miwili tu baadaye alikuwa Kuwait, ameajiriwa na kampuni nyingine yenye mkataba na jeshi la Marekani. Alipoulizwa na kamati hiyo Oktoba 2007, mwenye Blackwater, Erik Prince, alieleza kwamba kampuni ilimfukuza na kumkata pesa, na kwamba haina uwezo wa kumfunga mtu. Hapo alisema kweli tupu, na ndilo tatizo lenyewe.

Usidhani ni ugonjwa wa Wamarekani peke yao. Warusi waliutengeneza wa kwao ukawa mbaya zaidi, kwa kuwa kwa miaka serikali yao ilikana kabisa kuhusika na Wagner, kundi lao la wapiganaji wa kulipwa. Sheria ya jinai ya Urusi inakataza umamluki, hivyo mbele ya sheria kundi lile halikuwepo. Machi 2022, katika kijiji cha Moura nchini Mali, wanajeshi wa Mali wakiwa na wapiganaji wa kigeni walikizingira kijiji kwa siku kadhaa. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa iliripoti kwamba watu wasiopungua 500 waliuawa. Serikali ya Mali ilisema iliua magaidi. Ripoti yenyewe iliandika "wanajeshi wa kigeni" bila kuwataja kwa jina la kundi. Ni Juni 2023, baada ya mkuu wa Wagner, Yevgeny Prigozhin, kumwasi, ndipo Rais Putin aliposema hadharani kwamba Wagner ilikuwa ikigharimiwa yote na serikali. Prigozhin akafa ndege yake ilipoanguka miezi miwili baadaye. Mjane wa Moura amshtaki nani, na wapi?

Wenzako watakutajia Sierra Leone. Ni haki yao. Mwaka 1995 kampuni ya Afrika Kusini, Executive Outcomes, iliwarudisha nyuma waasi wa RUF waliokuwa wakiukaribia mji wa Freetown, na watu wengi wa pale waliishukuru. Sitabishana na mtu aliyeokolewa. Ninachosema ni kwamba hata pale, kama mmoja wao angemuua mwanao kwa makosa, shukrani za mji mzima zisingekufungulia jalada.

Kwa nini serikali zinawapenda? Sababu mojawapo ni hesabu ya majeneza. Mwanajeshi akifa, jina lake linasomwa na bunge linauliza. Mtu wa kampuni akifa, ni msiba wa familia yake. Vita vikali vinaweza kuonekana vidogo kwenye takwimu. Kuna Waraka wa Montreux wa mwaka 2008, ambao nchi 17 zilianza kuukubali na nyingine zikafuata, unaozikumbusha serikali wajibu wao kuhusu kampuni hizi. Waraka wenyewe unasema haumfungi mtu kisheria, kwa hiyo sitapoteza wino hapo.

Sasa rafiki yako. Sitaki umwambie asiende; najua mtu anafika wapi mpaka akubali kazi ya namna hiyo. Wengi wanaoajiriwa hawaui mtu. Maelfu ya Waganda walilinda mageti ya kambi za Wamarekani huko Iraq, kwa mshahara ambao Mmarekani aliyesimama hatua chache kutoka kwao asingeukubali. Ila ajue kwamba ule utupu niliokueleza unammeza na yeye. Machi 2004 watu wanne wa Blackwater waliuawa Fallujah, miili yao ikachomwa na miwili ikatundikwa darajani. Familia zao zilishtaki, zikidai vijana wao walitumwa wakiwa pungufu na bila magari ya deraya. Kampuni ilijibu kwa kumdai msimamizi wa mirathi ya marehemu dola milioni 10. Hao walikuwa raia wa Marekani, tena waliowahi kuwa wanajeshi. Yeye ni nani?

Kwa hiyo aulize haya, kwa maandishi. Mwajiri wake ni kampuni iliyoshinda zabuni, au ni wakala wa wakala wake? Mkataba unafuata sheria ya nchi gani, na mgogoro utasikilizwa na mahakama ipi? Pasipoti atakaa nayo nani? Kama kazi ni ya serikali ya Marekani, ipo sheria yao ya mwaka 1941 inayomlazimisha mkandarasi kuwakatia bima wafanyakazi walio ng'ambo, hata wasio Wamarekani. Wengi wamerudi bila mguu wakiwa hawajui kwamba ipo. Aombe jina la kampuni ya bima, amwachie nakala mkewe au mama yake, asiibebe mwenyewe. Na akiamriwa kufyatua risasi, nani ana mamlaka ya kutoa amri hiyo? Kama hawawezi kumtajia cheo na jina, likitokea la kutokea jina litakaloandikwa ni lake.

Mwambie anitumie huo mkataba kabla hajatia sahihi, kurasa zote, pamoja na zile za nyuma zenye maandishi madogo. Kama wakala anamharakisha asaini leo leo, na anitumie usiku huu huu. Miwani ninayo.

Mama yako