Maswali ya Wasomaji: Dohani Inayotoa Moshi Vizuri Nayo Ikaguliwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana tulinunua nyumba ya zamani yenye meko ya kuni ukutani na dohani ya matofali. Wakati wa baridi tunawasha moto karibu kila jioni, na moshi unapanda bila taabu yoyote. Kibarua mmoja yuko tayari kupanda paani aifagie kwa brashi, lakini jirani yangu anashikilia kwamba nimwite fundi wa dohani aliyesomea kazi hiyo, aifagie na kuikagua kila mwaka. Je, kwa dohani isiyo na tatizo, hizo si fedha za kutupa?

JIBU: Ndugu msomaji, moshi kutoka vizuri ni dalili ya jambo moja tu, kwamba njia haijaziba. Hakuelezi kitu juu ya kilichoganda kwenye kuta za njia hiyo, wala juu ya nyufa zilizojificha nyuma yake, na hayo mawili ndiyo huunguza nyumba.

Kuni zinapoungua, hasa zikiwa bado na unyevu, sehemu ya mvuke wake hupanda na moshi bila kuungua. Moshi huo ukipoa hadi chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi kabla haujafika juu, mvuke huganda ukutani na kuwa kile ambacho mafundi hukiita kreosoti. Mwanzoni huwa masizi makavu ambayo brashi huyaondoa mara moja. Yakiachwa, huwa magamba meusi yanayong'aa. Na mwisho huwa kama lami iliyoyeyuka ikakauka, ambayo brashi ya kawaida hupita juu yake bila kuibandua. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba utando ukifika unene wa milimita 3, dohani ifagiwe kabla ya kuwashwa tena, na kama umefika hatua ya lami, meko yasitumike kabisa hata kama utando ni mwembamba. Kuni zenye unyevu usiozidi asilimia 20, yaani zilizopasuliwa na kukaushwa kwa miezi sita au zaidi, hupunguza sana utando huo, ingawa haziuzuii wote.

Kreosoti ikishika moto, joto ndani ya dohani linaweza kuvuka nyuzi 1,000. Wakati mwingine moto huo hunguruma kama upepo mkali na cheche zikaonekana juu ya paa. Wakati mwingine huwaka polepole, ukazimika wenyewe, na wenye nyumba wasijue lolote. Huu wa pili ndio ninaouogopa zaidi, kwa sababu hupasua vigae au bomba linalofunika kuta za dohani kwa ndani, na siku nyingine moto wa kawaida wa jioni hupenya kwenye ufa na kuzifikia mbao za paa. Brashi ya kibarua wako haitauona ufa huo, hata akifagia kwa bidii namna gani.

Ndiyo maana kufagia na kukagua ni kazi mbili, na ni vyema uulize mapema kama malipo unayotajiwa ni ya zote mbili. Mwongozo wa NFPA 211, uliotolewa na shirika la Marekani linaloshughulikia kinga dhidi ya moto, unataka dohani ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, na unagawa ukaguzi katika ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya dohani inayoendelea kutumika kama ilivyokuwa, na fundi huangalia sehemu zinazofikika kwa urahisi. Ya pili huhitajika nyumba inapobadilisha mmiliki, meko yanapobadilishwa au baada ya moto wa dohani. Humo fundi hupitisha kamera ndani ya njia yote na kuangalia pia darini na chini ya sakafu. Ya tatu, ambayo hubomoa sehemu ya ukuta, huja pale tu inaposhukiwa hatari iliyofichika. Kwa kuwa nyumba mmeinunua na hujataja kama ilikaguliwa, wewe unahitaji ngazi ya pili, na kwa maoni yangu msiwashe moto mwingine kabla haijafanyika.

Kuhusu kibarua, mbali na hatari ya kuanguka, masizi yenyewe ni sumu. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Percivall Pott, aliyahusisha na saratani iliyowapata wafagiaji wa dohani. Fundi anayeijua kazi huvaa barakoa, hufunika mdomo wa meko na huleta mashine yake ya kufyonza vumbi.

SWALI: Sisi tunatumia hita ya gesi iliyounganishwa na dohani. Masizi hatuyaoni. Je, haya yanatuhusu?

JIBU: Yanawahusu, kwa njia nyingine. Gesi huacha masizi machache, lakini mvuke wake una asidi inayokula chokaa ya matofali, na kiota cha ndege au tofali lililoanguka linaweza kuirudisha hewa chafu ndani. Hewa hiyo inaweza kuwa na kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Wekeni kigunduzi chake karibu na vyumba vya kulala. Kikilia, au mkipatwa pamoja na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vinavyopungua mkiwa nje, tokeni nyote kwanza, pigeni simu ya dharura mkiwa nje, na msirudi ndani hadi waokoaji wawaruhusu. Hita isiwashwe tena kabla fundi hajaikagua pamoja na dohani yake.