Rømer alipimaje kasi ya nuru bila saa ya maana?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha 5. Tumesoma kwamba mwaka 1676 Ole Rømer aligundua kuwa nuru huchukua muda kusafiri. Kwa saa za enzi zile, aliwezaje? Na kama hesabu yake ilikosea, mbona bado tunamsoma?

Jibu: Marahaba. Saa aliipata angani. Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, huizunguka sayari hiyo kwa takriban saa 42 na nusu, na kila mzunguko huzama kwenye kivuli chake kisha huibuka. Rømer, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi Paris, aliona Io inachelewa Dunia inapoenda mbali na Mshtarii, na inawahi inapokaribia.

Chukua daladala zinazotoka kituoni kila dakika 10, nawe unatembea kwa miguu kwenye barabara hiyohiyo, kituo umekipa kisogo. Zitakupita kila baada ya dakika 10 na ushee, ingawa kule kituoni hakuna dereva aliyechelewa.

Kwa Io, ushee huo, yaani muda wa ziada wa nuru kutufikia Dunia ikizidi kwenda mbali, haufiki hata sekunde 16 kwa mzunguko. Ungeutafuta kwenye mzunguko mmoja usingeupata. Rømer alilinganisha mizunguko mingi, sekunde zikarundikana zikawa dakika. Ndipo akatangaza mapema kwamba tarehe 9 Novemba Io ingeibuka kwa kuchelewa dakika 10. Ikawa hivyo. Hata hivyo Cassini, mkubwa wake wa kazi, hakukubali (wakubwa ndivyo walivyo).

Kuhusu kosa: alikadiria kuwa nuru huvuka kipenyo cha njia ya Dunia kulizunguka Jua kwa dakika 22, kumbe ni kama 16 na nusu hivi. Kasi yenyewe hakuiandika. Huygens, mwanasayansi Mholanzi, ndiye aliyepiga hesabu kwa namba za Rømer, akapata kama kilomita 220,000 kwa sekunde. Tunayoijua leo ni 299,792. Pungufu ya zaidi ya robo, ndiyo, lakini ubishi mkubwa wakati ule ulikuwa kama nuru inachukua muda wowote au inafika papo hapo. Hilo alilijibu sawasawa.

Tangu 1983 mita yenyewe inafafanuliwa kwa kasi ya nuru. Na ramani ya simu yako inajua ulipo kwa kupima muda wa mawimbi kutoka kwenye setilaiti, yanayokwenda kwa kasi hiyohiyo: saa ikikosea milioni moja ya sekunde, umbali unakosewa mita 300. Bodaboda wako atakusubiri mtaa wa pili.