Ng'ombe wa udongo wa Ushigami

Dada, umeuliza kama hekalu la Ushigami, la Kishinto, dini ya asili ya Japani, linastahili safari, na kama ni ruhusa kuondoka na kisanamu cha ng'ombe. Nenda! Liko Yoshinaga, mjini Bizen, mkoa wa Okayama. Treni ya njia ya Sanyo kutoka Okayama itakufikisha kwa chini ya saa moja. Usitarajie jengo la fahari. Utapanda ngazi kati ya miti, na juu utakuta rundo la ng'ombe wadogo wa udongo, maelfu kwa maelfu, wamerundikana kama mahindi ghalani.

Kuhusu kuchukua, kuna utaratibu, nami naupenda mno. Mwenye haja huazima ng'ombe mmoja, huenda naye nyumbani na kuomba. Haja ikitimia, humrudisha pamoja na mwingine mpya. Ndiyo maana rundo halipungui. Wakulima waliombea ng'ombe wao na mavuno; siku hizi hata wafanyabiashara huja. Kwa hiyo kama huna hakika ya kurudi Japani, tafadhali usichukue. Tazama, piga picha, waache pale pale.

Wamefinyangwa kwa mtindo wa Bizen, ambao haupakwi dawa ya kung'arisha: wekundu na hudhurungi ni kazi ya moto wa kuni za msonobari na majivu yake. Ukipata nafasi pitia Imbe, mtaa wa mji huohuo wa Bizen, kwenye karakana za wafinyanzi. Sikukuu kubwa ya hekalu ni tarehe 5 Januari. Ukitaka utulivu, chagua siku nyingine.