Shangazi, binti yangu hataki safari ya milimani

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Dallas, Texas. Mume wangu, mzaliwa wa Marangu, amekodi gari la nyumba, lile lenye vitanda, jiko na choo ndani. Mwezi wa saba anataka twende siku tisa kwenye hifadhi ya Rocky Mountain, Colorado, kisha tupande hadi Yellowstone, hifadhi nyingine iliyo kaskazini zaidi. Binti yetu wa miaka 16 amekataa katakata. Jumamosi ya mwisho ya safari rafiki yake ana sherehe, na anaomba abaki kwa kina rafiki huyo. Mdogo wake wa miaka 13 anauliza tu kama kuna intaneti. Baba yao anasema watakwenda wapende wasipende. Nimwache? – Mama wa Wawili*

Marahaba mwanangu. Usimwache. Miaka miwili ijayo huenda atakuwa chuo, na hapo kumpata kwa wiki nzima itakuwa kazi. Lakini usikubali pia aburuzwe. Umri huo mtoto akipangiwa kila kitu bila kuulizwa, hukataa hata kile ambacho angekipenda.

Anza na baba yao, mkiwa wawili tu, watoto wakishalala. Mwambie aifute Yellowstone. Kutoka Estes Park, mji ulio mlangoni mwa hifadhi ya Rocky Mountain, hadi huko ni siku nzima barabarani kwa gari kubwa kama hilo, na bado kuna safari ndefu ya kurudi Dallas. Siku tisa zitaishia kwenye viti. Mkibaki Colorado mtafika nyumbani Alhamisi au Ijumaa, na binti atawahi sherehe yake. Habari hiyo ampe baba mwenyewe, si wewe. Ni muhimu sana aone kwamba baba yake amemsikia.

Halafu muulize mumeo: watoto wanajua kwa nini anaitaka safari hii? Mtu aliyekulia Marangu, Kilimanjaro ikiwa juu ya migomba ya kwao, ana sababu zake za kutaka wanawe waione milima, na nadhani hajawahi kuzitamka. Awaeleze kwamba barabara ya Trail Ridge, ndani ya hifadhi hiyo, inapanda hadi mita 3,713. Horombo, kambi ambako wapandaji wa njia ya Marangu hulala usiku wa pili, iko mita 3,720. Yaani watafika kwa gari, asubuhi moja tu, kimo ambacho nyumbani kwa kina baba yao watu hukifikia kwa miguu siku ya pili.

Na hapo pana jambo la afya. Dallas iko chini, Estes Park iko kama mita 2,300. Juu huko hewa ni nyembamba na mwili unahitaji muda wa kuzoea, kwa hiyo msiende moja kwa moja. Laleni Amarillo, bado ndani ya Texas, kesho yake Pueblo, Colorado, ndipo mpande. Kunyweni maji mengi. Mtoto akilalamika kichwa kinamgonga, ana kichefuchefu au hakupata usingizi, msimwambie anadeka. Mwacheni apumzike, na hali ikizidi shukeni chini bila kubishana.

Sasa vitanda. Magari mengi ya kukodi yana meza ya chakula inayoshushwa kila usiku ikawa kitanda. Anayelala pale huamshwa na yeyote anayetaka chai saa kumi na mbili asubuhi, na mchana hana pa kujificha. Usimpe binti sehemu hiyo. Mpe kitanda cha juu ya dereva, tundika khanga mbele yake kwa vibanio, na isiguswe na mtu bila kubisha hodi. Kijana alale mezani, yeye atavumilia.

Kambi za ndani ya hifadhi zina vyoo lakini hazina mabafu ya kuogea. Msichana wa umri huo, hasa kama siku zake zitaangukia safarini, hawezi kukaa siku nne akitegemea kibafu cha garini chenye maji ya tangi. Katikati ya safari tengeni usiku mmoja kwenye kambi ya kulipia mjini Estes Park, yenye maji moto na umeme. Mtandao upo mjini, na mdogo wake atapata jibu lake. Ndani ya hifadhi mtandao ni wa kubahatisha, basi wapakue muziki mapema. Kumwaga tangi la choo ni kazi ya baba, isigeuzwe adhabu ya mtoto aliyenuna.

Binti mpe siku moja iwe yake, na pesa yake mkononi: njia ya kutembea, chakula, saa ya kuamka, aamue yeye. Mwekeeni sharti moja tu, kwamba adhuhuri muwe mmeshashuka kutoka juu, kwa sababu mchana wa kiangazi radi hupiga sana kule. Yeye pia ashughulikie kibali cha saa ya kuingia, ambacho hifadhi imekuwa ikikidai majira hayo miaka ya karibuni. Nafasi za kambi hujaa miezi kabla, kwa hiyo mazungumzo na mumeo yafanyike wiki hii.

Akikubali huku amenuna, mpokee hivyo hivyo. Lakini kama mmeshalinda sherehe yake na bado analia akitajiwa safari, kaa naye peke yake umuulize taratibu ni nini kinachomshikilia Dallas wiki hiyo. Na wazazi wa huyo rafiki, unawafahamu?