Anemoni amesinyaa, samaki hawamtaki

SWALI: Shikamoo mama. Niko Njiro, Arusha. Nimeanzisha tangi la maji ya chumvi la lita 200, sasa lina wiki ya sita. Nina samaki klauni wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Muuzaji aliniambia bila anemoni, yule kiumbe laini wa baharini mwenye mikono inayochoma ambamo klauni hujificha, watakufa, nikanunua mmoja. Siku nne za mwanzo alichanua vizuri. Sasa amesinyaa, amekuwa mweupe, na usiku anahama mahali. Samaki wenyewe hawamsogelei, wanalala kwenye kona ya hita. Nifanyeje?
Msomaji, Njiro

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo muuzaji amekuuzia maneno. Baharini ni kweli, klauni asiye na anemoni hafiki mbali, maana mbio hana na maadui wamejaa. Kwenye tangi lako nani atamla? Wengi wanaouzwa siku hizi wameanguliwa kwenye matangi, anemoni hawajawahi kumwona, na bado wanakula na kutaga. Kulala kwenye kona ya hita si ugonjwa. Wa kwangu hapa Moshi alichagua mdomo wa chujio, akaulinda miaka miwili kama kihamba cha baba yake.

Halafu hao wa chungwa si wa pwani yetu. Kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki na Australia. Sisi tuliokulia Tanga tunawajua wengine: yupo mwenye mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni, na yupo wa kahawia mwenye mistari miwili mipana. Kila aina ina anemoni inaowapenda, kwa hiyo huenda wako wanamwona huyo kama mgeni tu. Wengine hukaa miezi ndipo wakamzoea.

Mwenye shida ni anemoni. Huyo si pambo, ni mnyama, na ndani ya nyama yake mnaishi vimwani vidogo sana vinavyomtengenezea chakula kwa mwanga. Akiwa mweupe, vimwani vimemtoka. Labda taa yako ni hafifu, labda ni maji. Najua utasema umepima amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, ukakuta sifuri. Sawa, lakini tangi la wiki sita bado linayumba, leo hivi kesho vile, na yeye hapendi kuyumbishwa. Mimi humwambia kila anayeniuliza: subiri miezi sita kwa uchache kabla ya kumtia anemoni, mwaka ni bora.

Nasema hivyo kwa sababu niliungua. Tangi langu la kwanza nilimtia anemoni wiki ya tatu. Usiku akahama kama wako, pampu ikamvuta. Asubuhi maji yalikuwa kama yale ya kuoshea mchele, sebule nzima inanuka dagaa walionyeshewa. Nilifungua pampu kwa kisu cha jikoni, nikawa natoa vinyuzi vya zambarau kimoja kimoja. Hadi adhuhuri hakubaki samaki hata mmoja.

Kwa hiyo leo hii funga sponji kwenye mdomo wa kila pampu. Usimng'oe alipojishika, usimshindilie chakula cha nyama ya kamba wa baharini kwa huruma. Ukimkuta kinywa kimeachama, mwili umelegea kama ute na ananuka, mtoe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kama kuna mtu mwenye tangi la zamani lenye taa kali, mpe amlee.

Na Arusha ina mambo yake. Mko juu, kama mita 1,400, hewa ni nyepesi, na maji yenu hubeba oksijeni pungufu ya ya Tanga kwa karibu asilimia 15. Elekeza pampu moja juu ili uso wa maji utikisike muda wote. Juni na Julai mnalala na mablanketi mawili, tangi nalo linasikia baridi hiyo. Lishike kati ya nyuzi 25 na 27. Badala ya hita moja kubwa, weka mbili za wati 100, moja ikiharibika nyingine inabaki. Umeme ukikatika, funika tangi kwa blanketi na uwashe kipampu cha hewa cha betri.

Maji yakipungua, ongeza maji matupu yaliyochujwa madini, usiongeze ya chumvi. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki palepale. Kipimo cha chumvi kisome 1.025, siku zote.

Hukuuliza, lakini nimeona kwenye picha yako mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Klauni wote huzaliwa madume, kisha anayetawala hugeuka jike. Kwa hiyo huyo mkubwa ndiye mama mwenye nyumba, au yuko njiani kuwa. Usiongeze wa tatu, watampiga mpaka afe.