Kiebrania changu kikifika stesheneri kinageuka viboksi

SWALI: Habari za kazi anko wa kompyuta. Mi ni katekista huku Masasi, najifunza Kiebrania cha Agano la Kale mdogomdogo na nataka niwatolee wenzangu karatasi ya maneno. Kuna kijana alinipa fonti kwa flashi, kwenye laptopu yangu inakaa freshi kabisa, ila nikipeleka stesheneri kuprinti yanatoka maherufi ya kizungu yasiyosomeka, siku nyingine viboksi vitupu. Hela inaenda tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mwalimu, mchawi ni hiyo fonti. Fonti nyingi za zamani zilikuwa zinaivalisha a, b, c nguo ya Kiebrania, wewe unaona alefu lakini kompyuta yenyewe inajua umeandika kizungu, sasa ukifika kwenye mashine isiyo na fonti ile nguo inavuka, ndo hayo maajabu. Itoe. Unachohitaji ni kibodi, na Windows 10 au 11 inayo tayari. Ingia Settings, kisha Time & Language, halafu Language, bonyeza Add a language uchague Hebrew. Vitiki vya vitu vya ziada ondoa visikulie bando, na kile cha display language usikiguse hata kidogo, mi niliwahi kukitiki kwa haraka zangu menyu zote zikahamia kulia nikahangaika nusu siku kurudi.

Kuhama lugha ni Alt na Shift za kushoto. Kwenye Word bonyeza Ctrl na Shift za KULIA ili aya ianzie kulia, zile za kushoto zinairudisha. Majirani zako wa Mikindani waliokaa madrasa hili halitawasumbua, ni mwendo uleule wa Kiarabu, tena namba nazo zinabaki kusomwa kushoto kwenda kulia.

Jaribu hivi: ukishahamia Kiebrania bonyeza A, K, U, O. Umeandika שלום, shalom. Ile mem (yaani m) ya mwisho ina kitufe chake, maana herufi ni 22 ila 5 zina umbo lingine zikikaa mwisho wa neno, na kompyuta haikubadilishii, unachagua mwenyewe. Stika za kibodi kwa huku kusini sijui utazipatia wapi, we bonyeza Windows, Ctrl na O kibodi itokee kwenye skrini uwe unachungulia. Zile nukta za irabu shikilia Alt ya kulia halafu bonyeza herufi inayoanza jina la nukta, mfano patah ni kwenye פ, kamatsi kwenye ק.

Karatasi ulizochapa na fonti ya kijana bora uzichape upya. Na stesheneri usipeleke faili la Word, lisevu kama PDF kwanza, fonti inasafiri humohumo ndani.