Bampa jeusi limegeuka kijivu: lichomwe moto au lipakwe dawa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina RAV4 ya mwaka 2003, naishi Kigamboni. Bampa na zile plastiki nyeusi za juu ya matairi zimepauka, zina mabaka meupe. Vijana wanaoniosha gari hunipakia dawa ya tairi. Inang'aa, mvua moja tu imekwisha. Jirani anasema ni chumvi ya bahari, mwingine kaniambia zichomwe moto. Nimsikilize nani? (Mama Abdul)

JIBU: Salama, Mama Abdul. Bahari haina kosa hapa. Chumvi hula mabati na nati. Anayepausha plastiki ni jua, na jua letu la Dar unalijua. Plastiki hizo kwa kawaida ni polipropilini iliyotiwa rangi ya masizi. Mionzi huikatakata ngozi ya juu mpaka ikawa unga wa kijivu. Pitisha kidole kikavu utauona. Kisha mwagia maji: weusi ukirudi sawasawa kote, huko chini bado nzima.

Mabaka meupe ni kesi nyingine. Hiyo ni polishi ya bodi iliyoingia kwenye vinyweleo vya plastiki ikakaukia humo.

Kuchoma kunaleta weusi kweli, papo hapo, ndiyo maana video zake zinapendwa. Lakini polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na kile kifaa cha kupuliza hewa ya moto kinazipita mbali. Mkono ukisita kidogo, vile vichembe vya bampa vinalala, panabaki doa laini linalong'aa, na hapo hapatengenezeki tena. Halafu weusi wenyewe haudumu, maana hakuna kinga iliyoongezwa. Gari la mteja mimi sichomi.

Kazi yenyewe ni kusafisha, na hapo ndipo wengi wanaporuka. Paki kivulini, plastiki ipoe. Bandika tepu ya karatasi pembeni kulinda rangi ya bodi. Chukua brashi isiyo ngumu sana na sabuni ya maji isiyo na nta, sugua kwa kuzungusha. Povu la kwanza litatoka kijivu. Suuza, rudia mpaka litoke jeupe. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, ukigeuza upande kila kinapochafuka. Kisha subiri. Maji hujificha kwenye maungio ya bampa, na yakichuruzika juu ya dawa mbichi yanaacha michirizi ambayo itakukera kila asubuhi.

Dukani usiulize dawa ya kung'arisha, watakupa mafuta ya silikoni. Omba dawa ya kurudishia rangi plastiki za nje, ile inayokauka. Ijaribu kwanza sehemu iliyojificha. Paka nyembamba kwa sponji, futa inayozidi kabla haijakauka, kisha gari lisiguse maji kwa saa 24, au zaidi chupa ikisema hivyo. Siku ya pili kidole kikitoka na mafuta, umeuziwa dawa ya tairi kwenye chupa nyingine. Na usianze kazi hii katikati ya masika.

Bampa la mtumba la Gerezani? Nalo limeshapigwa jua lake huko lilikotoka. Kupiga rangi ni hatua ya mwisho, na fundi asipoanza na praima ya plastiki (rangi ya chini ya kushikisha), mwambie aache: polipropilini haishiki rangi, itabanduka vipande vipande.